Zimwi la Shosh Halina Kadi

Mwaka jana nilinunua jitu la jicho moja pale Toi Market. Bei: bob 10.

Sijakudanganya. Nilikuwa nimetoka Kawangware kwa miguu, nikafuata Naivasha Road mpaka Ngong Road, natafuta jaketi ya mtumba kabla baridi ya Julai haijanimaliza. Karibu na wauza viatu kulikuwa na jamaa ameanika vitu vya watoto: magari hayana magurudumu, wanasesere wana mkono mmoja, na bunda la kadi limefungwa kwa raba. Nikalifungua tu kwa sababu mimi ni mtu wa kadi tangu utotoni. Katikati ya bunda nikakuta moja ina ukingo mweusi, imechakaa kidogo pembeni, na juu yake imeandikwa Ekundu Cyclops.

Nikasoma tena. Ekundu.

Sasa mimi ni mtu wa Nairobi. Kiswahili changu kina mashimo kama barabara za kwetu. Lakini wekundu naujua: nyekundu, mwekundu, chekundu. Hiyo ekundu ilikuwa inafanya nini kwa kadi ya Wazungu? Nikamuuliza muuzaji zimetoka wapi. Akaniambia, "Boss, chukua tu na kumi. Hizo hazina mwenyewe."

Jaketi sikupata. Nilirudi na kadi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia hii stori. Leo nataka tuiongee, kwa sababu imenifikisha mahali sikutarajia: kwa shosh yangu.

Oktoba 1996

Kadi yenyewe ni ya mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Aliyeubuni ni Richard Garfield, msomi wa hesabu, na ukaanza kuuzwa 1993 na Wizards of the Coast, kampuni ya huko Renton, jirani na Seattle, Marekani. Unanunua pakiti bila kujua kuna nini ndani. Unapata viumbe na uchawi, unajenga jeshi lako, unapigana na mwenzako. Ukipata kiumbe usichokitaka, unatafuta mwenye kukitaka mnabadilishana. Huo ndio mchezo wa kwanza wa aina yake duniani, na baadaye kila mtu akaiga.

Oktoba 1996 wakatoa seti ya kadi 350 inaitwa Mirage. Stori yake inatokea kwenye bara la kubuni linaloitwa Jamuraa, na mtu yeyote aliyewahi kuona ramani anajua walikuwa wanaangalia wapi. Kuna kundi la vifaru, kuna pundamilia mwenye pembe moja kichwani. Februari 1997 ikafuata seti nyingine, Visions, na humo kuna ngiri, kiboko mdogo, hata nyumbu wakikimbia kwa fujo.

Halafu kuna majina. Hapo ndipo nilipokaa usiku mzima na simu.

Kuna Burning Shield Askari na Searing Spear Askari. Askari wa kwetu ana rungu na redio, na usiku wa baridi ana moto wa mbao kwa debe. Askari wa kadi ana ngao inayowaka na mkuki wa moto. Sawa, huyo naye yuko kazini.

Kuna Mtenda Lion, Mtenda Griffin na Mtenda Herder. Mtenda nini? Mtenda wema? Hawasemi. Kuna Teremko Griffin, na kuna Daraja Griffin. Yaani huyu mnyama mwenye kichwa cha tai na mwili wa simba, mmoja ni wa mteremko na mwingine ni wa daraja, kama vituo vya matatu. "Shukisha Daraja!"

Kuna Ekundu Griffin, ndugu wa yule wangu wa Toi. Kwenye Magic kadi nyingi zina rangi yake, na rangi inaamua tabia. Ekundu Griffin ni kadi nyeupe. Rudia hiyo polepole.

Nikajiuliza neno hilo walilitoa wapi likiwa nusu hivyo. Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili kwa Kiingereza. Rangi hii huipati kwenye herufi N. Iko kwenye E, na mbele yake kuna kistari: -ekundu. Hicho kistari ni cha muhimu. Kinakuambia hapa kuna kitu kinakosekana, subiri kwanza ujue unaongelea nini: mtu mwekundu, kitabu chekundu, nguo nyekundu. Peke yake neno hilo haliwezi kusimama. Mimi nasoma hivi: kuna mtu alifungua kamusi, akapenda sauti ya neno, akakiacha kistari nje. Hakuwa na mtu wa kumuuliza. Yeyote kutoka Kawangware angemsahihisha kwa dakika moja, bure.

Lakini tusikasirike haraka

Kuna njia rahisi ya kuandika hii makala. Naanza kulia kwamba Wazungu wameiba lugha yetu, nyinyi mnakasirika, kesho tumesahau. Sitaki hiyo njia, kwa sababu mbili.

Kwanza, kuna mahali walipatia. Kwenye Mirage kuna kadi inaitwa Shauku, Endbringer. Ni mnyonya damu, mwanamke, anaruka. Ukimmiliki, kila zamu anakutoa uhai pointi 3. Anakula viumbe wengine na kila akila anakuwa mkubwa zaidi. Shauku! Kitu unachokitaka sana, kinachokua kila ukikilisha, na kinachokumaliza wewe mwenyewe. Kama ni bahati tu, ni bahati nzuri. Kuna pia Afiya Grove, kichaka kinachogawa nguvu zake kidogo kidogo kwa viumbe wako. Hiyo pia inasimama.

Pili, fikiria 1996 Afrika ilikuwa inaonekana vipi kwa televisheni za huko: njaa, vita, nzi kwa uso wa mtoto. Mirage ikaleta watu weusi ambao ni wasomi, mashujaa, wachawi wakubwa. Kuna Sidar Jabari, shujaa wa kupanda farasi. Kuna Hakim na Rashida, majina ambayo ukiita kwa ngazi za ploti yoyote Kibera atatoka mtu. Na kuna Teferi, mchawi mweusi ambaye mpaka leo ni kati ya wahusika wakubwa wa huo mchezo. Kwenye stori yao, Teferi aliiondoa nchi yake yote, Zhalfir, isiguswe na vita vilivyokuwa vinakuja. Ikapotea kabisa. Wachezaji wakaingoja zaidi ya miaka 20, mpaka ikarudishwa kwenye stori mwaka 2023.

Kwa hivyo heshima ilikuwepo. Kulalamika kwangu ni kwingine.

Angalia viumbe wenyewe. Cyclops ni wa Wagiriki. Griffin ni wa zamani za huko huko Ugiriki na Mashariki ya Kati. Mnyonya damu anayejulikana na dunia ametoka Ulaya Mashariki. Hao wote wamevalishwa neno la Kiswahili juu, kama jaketi. Ni mtumba, lakini umegeuzwa. Sisi tunavaa nguo zao kutoka Toi, na jitu lao limevaa neno letu. Halafu miaka zaidi ya 25 baadaye jitu limefungwa kwa marobota, limevuka bahari, limeshushwa Mombasa, na mimi nimelinunua bob 10 likiwa bado limevaa neno langu.

Zimwi halimo. Irimu hayumo. Nunda hayumo. Neno lilisafiri, kiumbe kikabaki.

Wajapani walifanya nini mwezi huo huo

Sasa hapa ndipo historia inakuwa tamu. Oktoba hiyo hiyo ya 1996, Japani, zikaanza kuuzwa kadi za Pokémon. Mchezo wenyewe wa video ulikuwa umetoka Februari. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alikuwa mtoto wa kukamata wadudu huko pembeni mwa Tokyo. Mji ukakua, viwanja vikajengwa, wadudu wakaisha. Akaona watoto wa mjini hawatawahi kujua raha ya kutafuta kiumbe kwenye nyasi na kubadilishana na rafiki. Akawatengenezea viumbe 151.

Na hakuviokota vyote hewani. Yule mbweha wa mikia tisa, Ninetales, Wajapani walikuwa na stori zake karne nyingi kabla ya hizo kadi. Yaani walichukua mambo ya nyanya zao, wakayapa picha, jina na sheria, wakauzia dunia. Januari 1999 nani aliyeleta kadi hizo kwa Kiingereza? Wizards of the Coast, hao hao wa Ekundu. Mwaka 2022 Logan Paul akaingia WrestleMania amevaa shingoni kadi moja ya Pikachu aliyoinunua kwa dola milioni 5.275. Mdudu wa utotoni wa mtu huyo!

Mimi hizo kadi nilizijua nikiwa darasa la tatu. Zetu zilikuwa feki, zile za dukani zinazotoa rangi ukizishika na jasho. Katuni tuliziona kwa DVD za bob 50, kwa jirani mwenye TV. Ningeweza kukutajia Pokémon zaidi ya 100 bila kupumua, na kila mmoja anageuka nini akikua. Mathe alikuwa anasema ningeweka hiyo akili kwa hesabu ningekuwa daktari.

Na hizo siku zote, zimwi halisi lilikuwa linaishi nyumbani kwetu.

Mazimwi yaliyokuja na basi

Kwa mtu ambaye hajawahi kuishi Kawangware: ploti ni milango 10 au 12 inaangaliana, bomba moja, kamba za nguo katikati, na kila mlango umetoka kwao. Kwetu kulikuwa na Waluhya, Wakikuyu, Wakamba na Wajaluo. Watu waliacha mashamba wakaja kutafuta kazi Nairobi, na kwa mizigo yao, katikati ya sufuria na blanketi, walibeba mazimwi.

Shosh, mamake budangu, alikuja kutoka Western kukaa nasi kwa sababu ya matibabu. Stima ikipotea, na ilikuwa inapotea, watoto wote walikuja mlangoni kwetu. Yeye alikuwa na linani. Linani linameza watu wazima wazima, linameza na ng'ombe. Mama wa mlango wa tatu alikuwa na irimu wa Wakikuyu: kijana mtanashati anakuja kwenye ngoma, wasichana wote wanamtaka, kumbe nyuma ya kichwa, chini ya nywele, ana mdomo wa pili. Wakamba wa mlango wa mwisho walikuwa na eimu. Rafiki yangu wa Kijaluo alikuwa na Apul-Apul, mlafi ambaye hashibi.

Sikiliza hayo majina: irimu, eimu, na mzimu wa Kiswahili. Wataalamu wa lugha huyaweka kwenye mzizi mmoja wa Kibantu. Ni ndugu walioachana kitambo sana, kila mmoja akaenda njia yake, halafu wakakutana tena kwa ploti moja Kawangware, stima imepotea.

Na sisi watoto tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa tunabadilishana. "Linani lenu lina midomo mingapi?" "Mmoja lakini mkubwa." "Letu lina miwili, mmoja kisogoni." "Apul-Apul atawamaliza wote." Tulibishana mpaka mtu akalia. Tulikuwa na pakiti nzima na hatukujua.

Usidhani pia kwamba stori zetu hazina ule utamu wa kiumbe kukua na kugeuka. Mwaka 1870, Edward Steere, mmishenari aliyekuwa amekaa Zanzibar, alichapisha London kitabu cha hadithi za Waswahili. Mojawapo ni ya Nunda. Inaanza na paka wa sultani. Paka anakamata ndama, watu wanashtaki, sultani anasema paka ni wangu na ndama ni wangu. Anakamata mbuzi, jibu ni lile lile. Anapanda hivyo hivyo mpaka anaanza kula watu, anakula hata watoto wa sultani, na sasa haitwi paka tena, anaitwa Nunda mla watu. Mtoto mdogo wa sultani anatoka kumtafuta. Anaua mbwa, anamletea mama, mama anasema siye. Anaua fungo, siye. Pundamilia, twiga, faru, tembo, siye. Mpaka anampata mwenyewe.

Niambie hiyo si Pokémon. Kiumbe mdogo anayegeuka mkubwa, na mtoto anayeanza na adui mdogo akipanda ngazi. Ilichapishwa miaka 126 kabla ya Pikachu. Na juu yake ina siasa: jitu lilikua kwa sababu mwenye nguvu alikataa kulikemea likiwa dogo. Sisi Wakenya hiyo hatuhitaji kufafanuliwa.

Karatasi

Unaweza kuuliza, kwani lazima kadi? Si stori inatosha?

Nilikuwa nafikiria hivyo mpaka nilipotembea Makina, Kibera, kwa rafiki yangu Mnubi. Wanubi ndio wa kwanza kuishi pale kama mtaa. Babu zao walikuwa wanajeshi wa Sudani katika King's African Rifles, na Waingereza wakawaweka kwenye hicho kipande cha msitu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kibra, kwa lugha yao, ni msitu. Sisi wengine tuliofika baadaye tukasema Kibera, wenye kuandika wakaandika Kibera, na dunia yote ikajua Kibera. Mwaka 1918 ardhi hiyo iliandikwa kuwa ekari 4,197. Lakini Wanubi wenyewe hawakupewa hati. Mwaka 2017, karibu miaka 100 baadaye, ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipowapa hati ya ekari 288.

Hesabu hiyo tofauti mwenyewe. Wazee walikuwa wanasimulia kila siku kwamba hapa ni kwetu. Kusimulia hakukutosha. Kilichohesabiwa ni karatasi.

Rafiki yangu aliniambia kitu tukiwa tumesimama karibu na reli. "Sisi tunasema Kibra, nyinyi mnasema Kibera, na kwa karatasi ya uchaguzi sasa ni Kibra." Kweli, tangu uchaguzi wa 2013 jimbo linaitwa Kibra. Jina lilirudi kwa sababu kuna watu walikataa kuliacha life.

Na ukiwa hapo relini, kumbuka kwamba hata hiyo reli ni jitu. Wakikuyu wanasimulia kuhusu Mugo wa Kibiro, mwaguzi aliyesema nyoka wa chuma atakuja kutoka baharini mpaka ziwa lingine, anatema moto. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na mpaka leo huyo nyoka anapita katikati ya Kibera, watoto wanaruka kando, mama anatoa sufuria yake ya maandazi, anapita, mama anairudisha. Nani ana kadi ya huyo?

Nusu ya stori

Sasa nikuambie ni kwa nini kitu cha bob 10 kilinitoa machozi usiku ule.

Shosh alifariki 2021. Nilikuwa na simu ya kurekodi tangu niko Form Two. Nilirekodi ngoma, nilirekodi mechi za mtaani, nilijirekodi nikicheka peke yangu. Shosh sikumrekodi hata dakika moja.

Stori yake ya linani nina nusu. Linani limemeza kijiji chote, ng'ombe na watu. Wamebaki mama mjamzito na pango. Mtoto anazaliwa, anakua, anatengeneza upinde, anauliza watu wote wako wapi. Kuna wimbo anaimba akienda. Sauti yake ninayo, maneno yamepotea. Anakutana na linani. Halafu?

Sijui. Nilikuwa nalala hapo kila mara. Ninajua watu wanatoka wazima, kwa sababu nakumbuka shosh akihesabu kwa vidole wanavyotoka, mbuzi, ng'ombe, babu, nyanya. Lakini linani liliuawa vipi, sina.

Nilimuuliza budangu. Akasema, "Aah, hizo vitu za kitambo, mimi nilikuwa nacheza mpira." Mzee mmoja wa Lindi, Kibera, akaniambia linakatwa kidole kidogo, na hapo ndipo wote wanatoka. Mama anayeuza mboga Gatina akasema hapana, linatupiwa jiwe la moto mdomoni likidhani ni nyama. Wote walikuwa na uhakika. Hakuna aliyekuwa shosh.

Nimeangalia ile Ekundu Cyclops tena. Ina jina, ina picha, na ina sheria: mwenzake yeyote akienda vitani, lazima naye aende. Kama yule beshte yako ambaye akisikia fujo kwa stage hawezi kubaki kwa nyumba. Mtoto wa Brazil anajua hiyo sheria, mtoto wa Poland anajua. Jitu lisilo na stori yoyote huku kwetu lina sheria iliyoandikwa, na linani, ambalo lilimtisha shosh na mamake shosh, kwangu mimi lina sehemu tupu mahali pa sheria.

Kadi za manila

Kwa hivyo nilinunua manila mbili, biro na gundi, nikakata kadi 12. Michoro yangu ni mibaya, tusidanganyane. Nunda anaanza paka wa nguvu 1, na kila zamu mwenye kadi akikubali kumtetea, anaongezeka. Irimu anawekwa mezani uso umefichwa, unaona tu kijana mtanashati, mpaka mchezaji mmoja akumbuke kusema "geuza kichwa." Linani likimeza kadi, zinakaa chini yake, na likifa zote zinarudi kwa wenyewe zikiwa nzima.

Jumapili watoto wa ploti wakaja kucheza. Dakika 10 za kwanza walinicheka. Baadaye hawakutaka kwenda kula. Halafu msichana mmoja wa miaka kama 9 akashika linani, akaligeuza, akaniuliza, "Hii inakufa aje? Hujaandika."

Sikuwa na jibu. Nikawaambia ukweli, kwamba nimesahau. Mmoja akasema kidole, mwingine akasema moto, wakaanza kupigana kabisa kama sisi zamani. Basi tukaweka sheria hapo hapo: sehemu hiyo inabaki tupu. Ukitaka kuua linani, lazima usimulie linavyokufa kwenu. Sio kubuni. Kwenu. Kama hujui, unapoteza zamu, na unaenda kuuliza.

Jumapili iliyofuata yule msichana alikuja na simu ya mamake. Walikuwa wamempigia nyanyake huko Busia, na nyanya akatuma sauti kwa WhatsApp, dakika 6. Tulikaa kwa ngazi, simu ikiwa kwa bakuli la plastiki ili isikike. Nyanya alikuwa anakohoa, kuku wanasikika nyuma, kuna mtu anamuuliza chai. Katikati akaimba wimbo wa yule mtoto anayekwenda kutafuta linani.

Mwisho wake haukuwa wa shosh yangu, nina uhakika, kwa sababu humo kulikuwa na kinyonga na shosh hakuwahi kutaja kinyonga. Lakini sauti ya wimbo ilikuwa ile ile. Miaka yote hiyo nilidhani niko nayo peke yangu.

Nikamwomba mtoto anitumie. Akaniangalia kama mfanyabiashara wa Gikomba. "Na wewe utanipa gani?"

Nikampa Ekundu Cyclops. Akasema ni sawa, lakini jina limeandikwa vibaya.

Kwa hivyo ombi langu ni moja, na ni la leo. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wahenga walisema, lakini hawa wetu wanakwisha kwa sababu sisi ndio hatuwajui. Kama una shosh, guka, kuku, dani, yeyote ambaye bado anapumua, mpigie. Usimuulize mambo ya historia, atakuambia yuko sawa, umesalimia. Muulize swali la yule mtoto: hilo jitu la kwenu, linakufa aje? Halafu bonyeza rekodi, unyamaze.